Mapigo Kutoka Ukabu

SEHEMU YA KWANZA

Julai 2, 1974. Mashine imeanza kuchapa.

Russell Hulse, mwanafunzi wa uzamivu mwenye miaka 23, anainama kusoma. Yuko Arecibo, kaskazini mwa kisiwa cha Puerto Rico, ambako Wamarekani walichukua bonde la asili katikati ya vilima vya chokaa wakalijaza antena ya sahani yenye upana wa mita 305. Sahani yenyewe haigeuki. Inatazama juu tu, na nyota inayopita mbele yake hupatikana kwa takribani saa mbili kwa siku. Zikiisha, subiri kesho.

Kazi aliyopewa na msimamizi wake, Joseph Taylor wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, ni kutafuta pulsa. Hizi ni mabaki ya nyota kubwa zilizokufa. Nyota ya namna hiyo inapolipuka, kiini chake hujibana mpaka maada yenye uzito kuliko Jua letu inaenea ndani ya tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi. Tufe hilo huzunguka kwa kasi, na miale ya redio inayotoka kwenye ncha zake za sumaku huipitia Dunia kila mzunguko: pigo, kimya, pigo, kimya, kwa mpangilio ambao saa chache za binadamu zinaweza kuufikia. Ya kwanza iligunduliwa Cambridge mwaka 1967 na Jocelyn Bell, ambaye naye alikuwa mwanafunzi. Tuzo ya Nobel ya ugunduzi huo ilipotolewa, mwaka huohuo wa 1974, alipewa msimamizi wake Antony Hewish, yeye akaachwa nje. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Nalitaja mapema kwa sababu simulizi hii nayo ina mwanafunzi na msimamizi wake.

Hulse hakuwa akimtafuta Einstein. Alikuwa akihesabu pulsa. Kompyuta aliyokuja nayo kutoka Massachusetts aliiundia makasha ya mbao kwa mikono yake, na kumbukumbu yake nzima isingetosha kubeba hata picha moja ya simu ya leo. Anga lina kelele: radi, rada za majeshi, mitambo ya mafundi waliokuwa wakiifanyia ukarabati sahani yenyewe. Ili asizame katika ishara za uongo, Hulse aliiwekea kompyuta mpaka. Isichape kitu chochote ambacho nguvu yake haijafikia mara 7 ya kiwango cha kawaida cha kelele.

Siku ile ilichapa 7.25.

Hebu itazame vizuri hiyo robo. Nyota ile ingekuwa hafifu kidogo tu zaidi, kompyuta ingenyamaza, Hulse angehamia kipande kingine cha anga, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini ilivuka mpaka. Ilitoka upande wa kundinyota la Ukabu, na pigo lake lilijirudia kila baada ya sekunde 0.059, yaani karibu mara 17 kwa sekunde moja. Kati ya pulsa zote zilizojulikana wakati ule, ni moja tu iliyokuwa na kasi kuizidi. Chini ya fomu ya kumbukumbu Hulse aliandika neno moja la mshangao, akaendelea na msako.

Agosti 25 akairudia. Safari hii alitaka kitu kidogo tu: apate muda wa pigo kwa usahihi zaidi, aujaze kwenye fomu, afunge jalada. Alipima mara ya kwanza akaandika. Alipima mara ya pili akaandika.

Tarakimu zilipishana kwa mikrosekunde 27.

Kwa mtu wa kawaida hiyo si kitu. Kwa pulsa ni kashfa. Pulsa hupunguza mwendo, naam, lakini kidogo mno kiasi kwamba huwezi kuuona upungufu huo kati ya kipimo na kipimo cha siku hiyohiyo. Hulse alikata namba aliyokwisha kuiandika, akaandika nyingine. Akaikata na hiyo. Ama mitambo yake ilikuwa imeharibika, au kule juu, kwenye tufe zito kuliko Jua, kulikuwa na kitu kinachofanya lisilowezekana.

Itaendelea wiki ijayo.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Hulse amepima pulsa ileile mara mbili na kupata majibu mawili. Fomu imejaa namba zilizokatwa. Sasa endelea.

Kwanza alishuku mitambo, na hapo namsifu. Mtafiti mwenye papara angekimbilia kutangaza muujiza; mvivu angechukua wastani wa zile namba mbili akaenda kulala. Hulse aliwaza kwamba huenda pulsa hii ina mapigo ya haraka kuliko uwezo wa kompyuta yake kuyasoma, ndiyo maana vipimo vinayumba. Akakaa akaandika programu mpya, mahususi kwa nyota hii moja, itumike kwenye kompyuta kubwa ya kituo inayosoma kwa kasi zaidi. Mitambo ikiwa ndiyo yenye kosa, tatizo lingetoweka.

Septemba 1 akapima kwa saa mbili zote alizopewa na anga. Tatizo halikutoweka. Muda wa pigo ulikuwa ukibadilika mbele ya macho yake, dakika baada ya dakika, na alipouchora kwenye karatasi ukafanya mstari uliopinda. Septemba 2 akapima tena, akachora tena.

Michoro miwili ikawa na umbo moja.

Kelele haijirudii. Mtambo mbovu hauharibiki leo na kesho kwa mkunjo uleule. Tena mchoro wa siku ya pili haukuja saa ileile ya jana. Ulikuwa umesogea kwa dakika 45. Ilikuwa kana kwamba huko Ukabu kuna ratiba, ila si ratiba ya saa 24 za Dunia.

Chukua karatasi, msomaji, tufanye hesabu ambayo Hulse alikuwa karibu kuifanya. Saa 24 ukiondoa dakika 45 ni saa 23 na dakika 15. Gawanya kwa tatu. Unapata saa 7 na dakika 45. Kila baada ya muda huo nyota ile ilikuwa ikimaliza kitu na kukianza upya, mara tatu kwa siku, na kubakiza zile dakika 45 zilizomkosesha usingizi kijana wa watu.

Kitu gani? Iwapo nyota inakuja upande wetu, kila pigo linatoka karibu zaidi kuliko lililotangulia, hivyo linawahi kufika; mapigo yanaonekana kubanana. Ikituacha, kila pigo lina safari ndefu kuliko la kabla yake; yanaonekana kuachana. Nyota inayokuja na kuondoka, ikaja tena na kuondoka tena, haiko peke yake. Inazunguka na mwenzake.

Lakini dhana si ushahidi. Kama ni kweli inazunguka, lazima ifike siku ambapo ndani ya zile saa mbili za Arecibo nyota itakutwa ikigeuza: mapigo yabanane, yafike mwisho wa kubanana, kisha yaanze kuachana. Kwa kuwa ratiba ilisogea kila siku, Hulse hakuwa na la kufanya ila kungoja hiyo kona imfikie.

Ilimfikia Septemba 16. Muda wa pigo ulishuka, ukagota chini, ukageuka na kuanza kupanda. Ilikwisha. Hakukuwa tena na mtambo wa kulaumu.

Na hapo ndipo ukubwa wa jambo ulipoanza kujitokeza. Dunia yetu hulizunguka Jua kwa mwaka mzima, kwa kasi ya kilomita 30 kila sekunde. Pulsa hii ilikuwa ikimaliza mzunguko kabla siku ya kazi haijaisha, ikikimbia mamia ya kilomita kila sekunde. Njia yake si duara. Ni yai lililorefuka sana, na mahali nyota hizo mbili zinapokaribiana zaidi, umbali kati yao ni mdogo kuliko upana wa Jua. Mwenzake naye alikuwa mzito kama nyota, lakini hakutoa pigo wala mwanga uliofika kwetu, na hakuwahi kuifunika pulsa. Nyota ya kawaida isingeenea humo. Ilibidi naye awe mzoga wa nyota, tufe jingine la kilomita 20.

Nieleze kwa nini hili liliwatetemesha watu. Tangu Einstein aliposema mwaka 1915 kwamba uvutano ni kupinda kwa nafasi na wakati, nadharia yake ilikuwa imepimwa ndani ya mfumo wa Jua pekee, ambako uvutano ni mnyonge. Kwenye njia ya sayari ya Zebaki tofauti kati yake na Newton ni sekunde 43 za nyuzi kwa karne nzima, kipande kidogo mno cha digrii moja. Wapo waliojenga nadharia shindani zilizokubaliana na Einstein huku jirani na kuachana naye kule uvutano unakokuwa mkali. Nani angekwenda huko na saa mkononi? Sasa saa ilikuwa imejileta yenyewe, ikiwa tayari ndani ya tanuri.

Septemba 18 Hulse alimwandikia Taylor barua. Kisha akaona barua itachelewa, akatafuta simu.

Taylor aliposikia alifungasha vifaa bora vya kupimia muda na kupanda ndege kuelekea Puerto Rico. Swali alilokwenda nalo halikuwa tena la nyota. Je, Einstein atatoka salama?

Itaendelea wiki ijayo.

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Taylor yuko njiani kwenda Arecibo. Sasa endelea.

Jaribio la kwanza Einstein alilipita kirahisi. Lile yai ambalo pulsa huchora angani halikai mahali pamoja. Lenyewe hugeuka polepole, kama njia ya Zebaki inavyogeuka. Vipimo vilionyesha digrii 4.2 kwa mwaka. Kazi inayoichukua Zebaki karne, nyota hii inaikamilisha kwa siku moja na ushei. Kutokana na mgeuko huo na dalili nyingine za saa kupungua mwendo ndani ya uvutano, watafiti waliweza kuzipima uzito nyota zote mbili wakiwa umbali wa takribani miaka-nuru 21,000: kila moja ni Jua letu mara 1.4 hivi.

Baada ya kujua uzito, umbo la njia na muda wa mzunguko, hapakuwa na kisingizio. Nadharia ya Einstein ilitoa utabiri mmoja usiorekebishika: nyota hizi lazima zianguke.

Kwa sababu mwaka 1916 Einstein aliandika kwamba vitu vizito vinavyozungukana hutikisa nafasi yenyewe, na mtikisiko huo husafiri kama wimbi ukibeba nishati. Mwenyewe baadaye aliingiwa na shaka. Mwaka 1936 alikaribia kuchapisha makala ya kuyakana mawimbi hayo. Mwaka 1969 Joseph Weber wa Chuo Kikuu cha Maryland alitangaza kuwa ameyanasa kwa magogo ya alumini. Wenzake wakajenga magogo yao, wakasikiliza, wasisikie kitu. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 neno lenyewe, mawimbi ya uvutano, lilikuwa limeanza kuwatia watu aibu.

Pulsa ya Ukabu haikuwa na habari na ugomvi huo. Kama mawimbi yapo, yanaiba nishati ya mzunguko, na nyota zinasogeleana. Hesabu ilidai mzunguko ufupike kwa mikrosekunde 76 tu kwa mwaka. Huwezi kukiona kitu kidogo hivyo kwenye mzunguko mmoja. Lakini upungufu hulimbikizana: mzunguko wa leo unawahi kuisha, unaofuata unaanzia hapo ulipowahi na wenyewe unawahi zaidi, na kuna mizunguko zaidi ya elfu moja kila mwaka. Taylor na wenzake, Lee Fowler, Peter McCulloch na baadaye Joel Weisberg, hawakuhitaji ila uvumilivu. Walirudi Arecibo tena na tena kwa miaka minne.

Desemba 1978, kwenye kongamano la astrofizikia mjini Munich, Taylor alisimama na jibu. Nyota zilikuwa zikianguka. Zilikuwa zikianguka kwa kiasi alichosema Einstein, kadiri vipimo vya wakati ule vilivyoruhusu. Hakuna aliyekuwa ameligusa wimbi lenyewe, lakini nishati ilikuwa imeibwa na mwizi mwenye vipimo vilevile vilivyotabiriwa.

Ningependa kukwambia mambo yaliishia hapo. Vipimo viliendelea kuboreka, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kukajitokeza ufa. Pulsa na nadharia zilikuwa zimepishana kwa karibu asilimia moja. Ni kidogo, ila kosa la vipimo lilikuwa limeshakuwa dogo kuliko huo ufa.

Mwaka 1991 Taylor na Mfaransa Thibault Damour walimpata mkosaji, naye alikuwa chini ya miguu yetu. Jua letu na ile pulsa vyote vinaizunguka Njia Nyeupe, kila kimoja kwenye kona yake, na tofauti ya mikunjo hiyo ilikuwa ikichezea saa. Galaksi yetu ilipotolewa kwenye hesabu, ufa ulizibika mpaka chini ya nusu ya asilimia moja. Miaka miwili baadaye Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilitolewa kwa watu wawili, Taylor na Hulse, msimamizi na mwanafunzi pamoja. Nilifarijika kuyaona majina yote mawili. Hulse alikuwa ameshaacha astronomia tangu 1977 kwa kukosa uhakika wa kazi, akawa mtafiti wa plazma huko Princeton.

Lakini kulikuwa na mtihani ambao pulsa hii isingeweza kuufanya kamwe, nao ndio ulioshikilia jengo zima la Einstein. Nyota mbili za Ukabu zinakaribia kulingana kwa kila hali. Mtihani ule ulihitaji nyota zisizofanana kabisa, ziangushwe pamoja kuelekea ya tatu. Mfumo wa namna hiyo haukuwahi kuonekana popote.

Itaendelea wiki ijayo.

SEHEMU YA NNE

Ilipoishia: unahitajika mfumo wa nyota tatu ambao hakuna aliyewahi kuuona. Sasa endelea.

Agosti 1971 mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi. Vilitua pamoja. Hiyo ndiyo kanuni: mahali pamoja, vitu vyote huanguka sawa, viwe vimeundwa na nini. Ila Einstein alidai kubwa zaidi. Alidai kwamba hata nishati ya uvutano wenyewe, ile inayokishikilia kitu kisisambaratike, nayo huanguka sawa na chuma au manyoya. Nadharia nyingi shindani huvunjikia hapo. Ken Nordtvedt alionyesha mwaka 1968 kwamba iwapo Einstein kakosea, Dunia na Mwezi vitaanguka kuelekea Jua kwa namna tofauti kidogo, na vioo vilivyoachwa Mwezini kuanzia safari ya Apollo 11 vimetumika kulipima hilo kwa leza. Hakuna tofauti iliyoonekana. Hata hivyo, nishati hiyo ndani ya Dunia ni chini ya sehemu moja katika bilioni ya uzito wake. Ndani ya nyota ya nutroni, yaani tufe la aina ya pulsa, inafikia karibu sehemu ya kumi.

Mwaka 2007 darubini ya Green Bank, huko West Virginia, ilikuwa matengenezoni. Reli inayozungukia ilikuwa ikibadilishwa, kwa hiyo ilisimama, na watafiti wakaliacha anga lipite lenyewe mbele yake huku wakirekodi. Kwenye rekodi hizo za msimu wa matengenezo ndimo ilimotoka pulsa inayozunguka mara 366 kwa sekunde, iliyokataa kila hesabu ya nyota mbili. Januari 2014 timu ya Scott Ransom ilitangaza sababu: ziko tatu. Pulsa na kibete cheupe, yaani mzoga mwepesi zaidi wa nyota, huzungukana kwa siku 1.6, na wawili hao kwa pamoja humzunguka kibete cheupe wa pili kwa siku 327. Mfumo mzima ungeenea ndani ya njia ya Dunia kulizunguka Jua. Kitu kizito mno na kitu chepesi, vikianguka bega kwa bega kuelekea cha tatu. Ndicho kilichotakiwa.

Anne Archibald na wenzake waliifuatilia miaka sita, kwa Green Bank, kwa Westerbork nchini Uholanzi, na kwa Arecibo ileile. Mwaka 2018 walichapisha jibu: kama pulsa na kibete wake wanaanguka tofauti, tofauti hiyo haizidi sehemu 2.6 katika milioni. Mwaka 2020 timu ya Guillaume Voisin, ikitumia darubini ya Nançay nchini Ufaransa, ikaubana mpaka huo kidogo zaidi. Desemba 1 mwaka huohuo nyaya zilizoshikilia mitambo ya Arecibo zilikatika, na tani zote zile zikaiangukia sahani. Haikujengwa tena.

Einstein bado amesimama. Lakini watu wa Nançay walipotoa kwenye hesabu kila walichokijua, yaani nyota tatu, njia zao, mikunjo ya wakati, kila kitu, mapigo hayakutulia. Kulibaki mtikisiko wa polepole, mkubwa kuliko unaotegemewa kwa pulsa ya aina hii. Na kipimo kikali kama hiki hakivumilii kitu kisichojulikana: kinachoisukuma pulsa kwa siri kinaweza kuficha kosa la nadharia, au kulizusha.

Wakaja na maelezo. Kwamba huko hakuna watatu. Kuna wa nne, sayari ndogo inayowazunguka wote kwa mbali, inayojulikana kwa mvuto wake tu. Ama sivyo ni yumbo la pulsa yenyewe, lisilo na mwili wowote nyuma yake.

Kwa kuwa mzunguko wa mbali namna hiyo ni mrefu, njia ya kuamua ni ileile aliyoitumia Hulse mwaka 1974: kungoja mapigo yafike kwenye kona, na kuona kama yatageuka.

Itaendelea.